Sura ya Saba: Amri Ndogo, Mzigo Mkubwa

Uniti za LUKU zinapokwisha usiku, mita hutoa mlio mfupi mkavu, "ta!", kisha nyumba nzima huingia gizani. Mlio huo ni wa rilei. Ndani ya kila mita ya LUKU, iwe Bariadi mjini, Lamadi, Mwanhuzi au Lagangabilili, mna kompyuta ndogo inayohesabu uniti, na kando yake mna rilei inayokata na kurudisha umeme wa volti 230. Kompyuta ile huishi kwa volti chache na mkondo mdogo sana, hata balbu moja ya nyumbani haiwezi kuiwasha. Lakini inaweza kuiamuru rilei, na rilei ndiyo inayobeba pasi, friji na jiko.

Sura hii inahusu namna ya kuiga kazi hiyo kwa mikono yako: kuunganisha bodi ya rilei na kadi ya kiolesura ya kompyuta, ili programu uliyoiandika iweze kuwasha pampu ya bustani, balbu za mashine ya kutotolesha vifaranga, king'ora cha shule au feni ya stoo ya mbegu. Nimeitanguliza LUKU kwa sababu mfano huo tayari uko ukutani kwako, na kwa sababu mwaka 2024 ulitupa nafasi adimu ya kuona jinsi ulivyojengwa.

Mwaka huo TANESCO iliwaomba wateja wote waboreshe mita zao. Ulinunua umeme kama kawaida, lakini badala ya tokeni moja ukapata makundi matatu ya tarakimu 20, nawe ukatakiwa kuyaingiza kwa mpangilio. Sababu yake ilikuwa saa. Hadi wakati huo kila tokeni ilibeba muda ilipotengenezwa, uliohesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuuandikia muda huo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216, na dakika hizo zilikuwa zinamalizika tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyoboreshwa ingekataa tokeni mpya. Mamilioni ya mita Afrika na duniani zilipita katika zoezi hilohilo, na zoezi lenyewe halikumhitaji fundi aiguse rilei. Sehemu inayofikiri ilibadilishwa kumbukumbu kwa tarakimu za kubonyeza tu, na sehemu inayobeba mzigo ikabaki vilevile. Huo ndio ubora wa kuzitenganisha sehemu hizi mbili, na ndiyo kanuni itakayotuongoza hadi mwisho wa sura: anayetoa amri asibebeshwe mzigo, na anayebeba mzigo asimguse anayetoa amri.

Rilei yenyewe ni kifaa cha zamani. Joseph Henry, mwanafizikia wa Marekani, aliitumia kanuni yake mwaka 1835: waya uliozungushwa mara nyingi kwenye chuma huwa sumaku mkondo unapopita, na sumaku hiyo huvuta kipande cha chuma kinachofunga saketi nyingine. Simu ya maandishi ya Samuel Morse, iliyozinduliwa kati ya Washington na Baltimore mwaka 1844, iliitumia kanuni hiyo kusukuma ujumbe mbali. Mwaka 1941 Konrad Zuse aliunda mjini Berlin kompyuta iitwayo Z3 kwa rilei zaidi ya 2,000. Kwa hiyo kabla rilei haijawa mtumishi wa kompyuta, ilikuwa kompyuta yenyewe.

Mtu aliyekulia Usukumani haoni ajabu katika jambo hili. Mtoto wa miaka tisa mwenye fimbo huongoza ng'ombe hamsini hadi mtoni, na nguvu zote ni za ng'ombe. Koili ya rilei ni ile fimbo.

Sasa tushike bodi. Ile inayopatikana kwa urahisi zaidi katika maduka ya vifaa vya elektroniki ina rilei nane za buluu zilizopangwa kwa safu, kila moja ikiwa na maandishi ya volti 5 upande wa koili na ampia 10, volti 250 upande wa mzigo. Kila rilei ina skrubu tatu zilizoandikwa NO, COM na NC. COM ni ya katikati, ndiyo mlango wa kuingilia. NO huwa wazi rilei inapopumzika na hufungwa inapovutwa. NC hufanya kinyume chake. Upande wa pili kuna safu ya pini zilizoandikwa GND, IN1 hadi IN8, na VCC, na pembeni kuna kipande kidogo cha plastiki nyeusi kinachounganisha pini mbili, VCC na JD-VCC. Wengi hukiacha kilivyo maisha yao yote, nami nitaeleza kwa nini ni vizuri kukitoa.

Kabla ya kukata waya wowote, piga hesabu. Koili ya rilei ya volti 5 ina ukinzani wa takriban omu 70. Gawanya 5 kwa 70, unapata kama miliampia 71. Rilei nane zikivutwa pamoja zinahitaji karibu miliampia 570. Sasa tazama upande wa pili. Pini moja ya Raspberry Pi haitakiwi kutoa zaidi ya miliampia 16, tena kwa volti 3.3. Pini ya Arduino Uno inashauriwa isizidi miliampia 20. Tundu la USB la kompyuta ya zamani huahidi miliampia 500 kwa jumla. Ukiunganisha koili moja kwa moja kwenye pini, ama rilei haivuti kabisa, ama pini inakufa, na pini ya kadi ikifa huwa imekufa moja kwa moja. Ndiyo maana kati ya kadi na koili lazima pawe na transista, na bodi ya rilei nane inakuja nayo tayari. Pia inakuja na dayodi kwenye kila koili. Koili inapokatiwa mkondo ghafla hurudisha teke la volti nyingi kuliko zile zilizoiwasha, na bila dayodi ya kulimeza teke hilo, transista haidumu.

Katika bodi nzuri kuna kiungo kimoja zaidi, optokapla. Ni kidude cha miguu minne chenye taa ndogo ndani na jicho linaloitazama. Kadi huwasha taa, jicho huona mwanga, transista huvuta koili. Kati ya taa na jicho hakuna waya. Umeme wa upande mmoja hauna njia ya kuvuka kwenda upande wa pili, mwanga tu ndio unaovuka. Taa hiyo, pamoja na ile nyekundu ya kuonyesha kuwa rilei imevutwa, inahitaji takriban miliampia 2 tu. Hapo ndipo pini dhaifu ya kompyuta inapokuwa na nguvu ya kutosha.

Lakini ulinzi huo ni wa maneno matupu kama kile kipande cheusi kimebaki mahali pake. Kikiwepo, koili na optokapla hula kutoka kwenye chanzo kimoja, na chanzo hicho mara nyingi ni kompyuta. Kitoe. Lete adapta ya pekee ya volti 5 yenye uwezo wa angalau ampia 1, chanya yake uipeleke JD-VCC na hasi yake GND ya bodi. VCC ipate volti 5 kutoka kompyuta. GND ya bodi usiiunganishe na kompyuta hata kidogo. Anayeanza huona kama waya umesahaulika, kwa sababu tumefundishwa kuwa kila saketi inahitaji waya wa kurudi. Waya wa kurudi upo: mkondo hutoka VCC, hupita kwenye taa ya optokapla, hutokea IN1, na huingia kwenye pini ya kadi inapokuwa sifuri. Kwa hiyo bodi hii hufanya kazi kinyume na matarajio. Pini ikiwa juu rilei hulala, pini ikishuka sifuri rilei huvuta.

Kadi ipi basi? Nina upendeleo, nao nausema wazi. Katika ofisi na shule nyingi zipo kompyuta za mezani zilizochoka, ambazo haziwezi tena kuendesha programu za leo, na nyuma yake kuna tundu pana la pini 25 lililokuwa la printa. Tundu hilo ni kadi ya kiolesura ya bure. Pini namba 2 hadi 9 ni mistari minane ya data, nayo inalingana kabisa na IN1 hadi IN8. Volti 5 za VCC zipate kwenye tundu la USB la kompyuta hiyohiyo, kwa kuwa tundu la printa halitoi umeme wa kulisha kifaa. Kwa mafunzo ya kijana wa sekondari Maswa au mwanachuo wa VETA, sijui mlango bora zaidi wa kuingilia katika fani hii, kwa sababu hakuna kinachofichwa. Unaandika namba moja mahali pamoja, na pini nane zinatii.

Mahali hapo, kwa tundu lililo kwenye bodi kuu ya kompyuta, kwa kawaida ni anwani 888. Ukiandika 255, pini zote ziko juu na rilei zote zimelala. Andika 254, rilei ya kwanza inavuta. Andika 253, ya pili. Andika 127, ya nane. Ukitaka ya kwanza na ya pili pamoja, toa 1 na 2 kutoka 255, upate 252. Windows za kuanzia XP haziruhusu programu ya kawaida kugusa anwani hiyo bila kiendeshi maalumu, na kwenye Linux unahitaji ruhusa ya msimamizi. Ukinunua kadi ya kuchomeka ndani, anwani yake itakuwa nyingine, nawe utaisoma kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta.

Usidanganyike na ile kebo ya USB yenye tundu la printa upande mmoja. Kompyuta huitambua kuwa printa na kuipelekea kurasa za kuchapa, haikupi pini nane za kuamuru. Fedha nyingi za vijana zimeishia hapo. Kama kompyuta yako ina USB pekee, nunua bodi ya rilei ambayo tayari ina chipu ya USB juu yake, au tumia Arduino kama mkalimani.

Anayejenga bodi yake mwenyewe atafute chipu ya ULN2803. Ina njia nane, kila moja yenye uwezo wa kufikia miliampia 500, na dayodi ziko ndani. Kumbuka tu kuunganisha mguu wa 10 na chanya ya koili, la sivyo dayodi hizo hazifanyi kazi. Chipu hiyo hula karibu volti 1 kwa ajili yake yenyewe, kwa hiyo rilei ya volti 5 hubaki na volti 4, na huyumba. Tumia rilei za volti 12. Zinahitaji takriban miliampia 30 tu kila moja, na volti 12 ndizo zilizomo katika betri ya sola ya nyumba nyingi za vijijini. Hapa, kwa kuwa hakuna optokapla, hasi ya betri na GND ya kadi lazima ziungane.

Hadi hapa ni nyaya. Sasa inakuja sehemu ninayoijali zaidi, na ambayo huachwa mara nyingi kuliko zote: je, amri isipokuwepo, nini kitatokea?

Fikiria kompyuta inapowashwa. Kwa sekunde kadhaa kabla programu yako haijaamka, kompyuta hujikagua, na tundu la printa huguswaguswa, pini zikipanda na kushuka. Kwa bodi inayovuta pini ikiwa sifuri, sekunde hizo zinatosha kuwasha rilei zote nane. Umeme umekatika usiku, umerudi saa nane, kompyuta imejiwasha, na pampu imeanza kusukuma maji shambani hali mwenyewe amelala. Dawa yake ni mpangilio. Adapta ya koili iwe na swichi yake, au taima, iwake dakika moja au mbili baada ya kompyuta, na programu yako ianze kwa kuandika 255 kabla ya jambo jingine lolote.

Fikiria tena mashine ya kutotolesha, ambayo kwa mkoa wa Simiyu, ambako kaya nyingi hufuga kuku wa kienyeji, ni mradi wa maana kweli. Hupati maonesho ya Nane Nane bila mashine hizo, na yale ya kitaifa yalipofanyika Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, wakulima wa Simiyu walizionea nyumbani. Mayai ya kuku yanahitaji joto la nyuzi kama 37.5 kwa siku 21. Programu husoma kipimajoto, huwasha balbu joto likishuka na kuzizima likipanda. Sasa programu ikiganda wakati balbu zinawaka, rilei itabaki imevutwa, kwa sababu hakuna aliyeiambia ilale. Joto litapita 40 na vijusi vitakufa ndani ya maganda. Kuandika programu bora hakutoshi kuzuia hilo. Weka kidhibiti joto cha kawaida, kile cha kukata chenyewe bila kompyuta, mfululizo na rilei ya balbu, ukikitega kidogo juu ya joto unalolitaka. Feni ya kuingiza hewa uifunge kwenye NC, ili kompyuta ikifa feni iendelee kuzunguka. Pampu uifunge kwenye NO, ili kompyuta ikifa pampu isimame. Kila mzigo una jibu lake, na jibu hilo uliandike kwenye karatasi kabla ya kushika bisibisi.

Kisha kuna mzigo wenyewe. Ampia 10 zilizoandikwa juu ya rilei ni za mzigo mpole, mfano pasi. Mota si mzigo mpole. Pampu ya nguvu farasi moja inaweza kutembea kwa ampia 5 au 6, lakini inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo, na cheche inayoruka kwenye meno ya rilei, yaani vipande vinavyogusana kufunga saketi, hufika mahali ikayalehemu pamoja. Kuanzia hapo unaweza kuandika 255 mpaka kesho, pampu haizimi. Tazama vinu vya kuchambua pamba, ambavyo ndivyo viwanda vikongwe vya ukanda huu: mota zake huwashwa kwa kontakta, yaani rilei kubwa ya mizigo mizito, na koili ya kontakta ndiyo inayoamriwa na kitu kidogo zaidi. Fuata njia hiyo. Rilei yako ndogo iamuru kontakta, kontakta ibebe pampu, na ovalodi, kinga ya mota dhidi ya mkondo uliozidi, ikae kati ya kontakta na pampu.

Umeme wa sola unataka tahadhari zaidi ya huo wa TANESCO, jambo linalowashangaza wengi. Umeme wa TANESCO hubadili mwelekeo, na katika kila sekunde hupita sifuri mara 100, kwa hiyo cheche hujizima. Umeme wa paneli haupiti sifuri. Cheche ikishawaka kati ya meno yaliyofunguka inaweza kuendelea kuwaka hadi plastiki iyeyuke. Ndiyo sababu rilei ileile ya volti 250 imeandikwa volti 30 tu kwa umeme wa aina hiyo. Kwa pampu za sola za bustani za Busega kandokando ya Ziwa Victoria, ambazo paneli zake zilizofungwa mfululizo hufikisha volti mia na zaidi, usikate waya wa paneli kwa rilei. Kidhibiti cha pampu huwa na skrubu mbili za swichi ya kuelea ya tanki. Rilei yako iweke hapo, ikate amri, iache nguvu.

Bodi nzima ikae ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko, nyaya ziingilie chini, na matundu yazibwe. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya rilei ya Mark II kule Harvard walimkuta nondo amebanwa kati ya meno ya rilei, wakamgandisha kwa tepu kwenye daftari lao la kazi, nalo limehifadhiwa hadi leo. Simiyu tuna kumbikumbi wakati wa mvua na mijusi mwaka mzima, na boksi lenye joto la koili ni mwaliko kwao. Ndani ya boksi, nyaya za volti 230 zisipite karibu na zile za kadi. Ziache pande mbili tofauti, na ikiwezekana weka kizuizi cha plastiki katikati.

Majaribio yote ya kwanza fanya kwa balbu ya volti 12 na betri, siku kadhaa, ukizima na kuwasha kompyuta, ukichomoa waya wa USB makusudi, ukiua programu ikiwa katikati ya kazi, na kila mara ukitazama rilei imelala au imevuta. Mfumo ukishapita hapo ndipo uuhamishie kwenye volti 230, na kazi hiyo mkabidhi fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwoneshe mchoro wako, mweleze ipi ni COM na ipi ni NO, kaa naye anapofunga, lakini upande huo wa bodi usiuguse mwenyewe meni swichi ikiwa imewashwa.